Mifuko Miwili

Nimeshona mifuko miaka thelathini na mbili,
ya kaptula, ya makoti, ya aproni za wauza nyama wa Burma,
na sijawahi kushona ambao haukutoboka.
Leo nanunua mfuko ulioshonwa na watu nisiowajua.

Karatasi mbili, shilingi kumi kumi kwa saiba ya Mtaa wa Biashara,
zimelala mezani hapa Buruburu kama kitambaa kabla ya chaki.
Mfuko wa Kwanza. Mfuko wa Pili.
Nimevaa miwani ya kutungia uzi.
Ukiigeuza nje ndani, bitana ni ile ile:
benki, simu, saruji, bia, chai,
kampuni kumi za juu kwa mpangilio ule ule,
kama pacha waliovalishwa na mama mwenye haraka.

Basi tofauti iko kwenye mshono.

Ada. Wa Kwanza, nukta saba ya asilimia kwa mwaka.
Wa Pili, nukta mbili.
Dalali Mukanzi, kijana wa kucha safi,
alisema hiyo tofauti ni kitu kidogo.
Nairobi nzima tunajua kitu kidogo.
Niliwahi kushonea tajiri aliyepima mita
huku kidole gumba kikila inchi,
na kwa inchi hizo akajenga ghorofa Pangani.
Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo,
ila uliza kwanza kibaba cha nani.

Nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya vitambaa:
laki sita, fungu langu la chama kilichovunjika
pamoja na kiinua mgongo cha marehemu Nyabuto.
Wa Kwanza utakula elfu nne na mia mbili.
Wa Pili, elfu moja na mia mbili.
Zinabaki elfu tatu:
sketi sita za marinda, kila mwaka,
nimshonee bure mtu asiyenijua jina.
Nikaweka mkasi juu ya wa Pili, upepo usiuchukue.
Nikasema, mjadala umekwisha.

Kisha nikasoma mstari wa chini kabisa,
herufi zake ukubwa wa mayai ya chawa.
Wa Pili haugawi gawio. Hulirudisha ndani, likazae.
Ukitaka pesa, uza vipande.
Ukitaka. Uza.
Wa Kwanza hulipa kila baada ya miezi mitatu,
moja kwa moja kwenye akaunti.

Sakafuni Bosibori anapanga vifungo.
Ana miaka thelathini na mmoja.
Vyekundu huku, vyeupe huku, vya shaba kwenye kifuniko cha mkebe.
Huhesabu hadi nne, vizuri, kwa sauti,
halafu hurudi kwenye moja bila aibu.

Nami nina sukari, nina goti, nina miaka sitini na minne.
Soko likianguka mwaka ambao mimi sipo,
nani atamwambia, usiuze leo, ngoja?
Nani atashika neno lake la siri? Ombati binamu yake,
aliyeuza friji yangu nikiwa wodini?

Mfuko wa bei nafuu unamfaa
aliye na mkono wa kuingiza ndani.

Nimeondoa mkasi. Nimeurudisha. Nimeuondoa.
Elfu tatu kwa mwaka: ni inchi ya tajiri,
au ni ujira wa mtu wa kumbishia hodi mwanangu
mara nne, nikiwa nimelala Nyamira?
Na hilo gawio lenyewe halijaapa.
Kuna mwaka litakuja nyembamba kama ukosi,
kuna mwaka litapotea njiani.
Kesho nimpigie Mukanzi, nimuulize habari za mdhamini,
fomu ya mrithi, na kama wa Pili unaweza

"Mama."
Amenyoosha kiganja, vifungo vya shaba vimekaa juu yake.
"Moja. Mbili. Tatu. Nne."
Ananitazama,
anangoja niseme kwamba vimetosha.